Waliponivua Maski Mnadani

Kabla ya fisi nilikuwa na uso kama wa kwenu. Naanzia hapo kwa sababu wengi mlioketi hapa mmenifahamu nikiwa hivi, na watoto wenu wanadhani nilizaliwa hivi. Sikuzaliwa hivi. Naitwa Paulina, Mwiraqw wa Mbulumbulu kwa baba na kwa mama. Nilikuwa na mashavu mawili, pua nzima, na meno ya kahawia kama ya watu wengi waliokulia kwenye maji ya huku. Sikuyaonea aibu. Nilikuwa mtu wa kucheka. Mume wangu, Tluway, aliwaambia wazee siku ya posa kwamba alisikia kicheko changu mtoni kabla hajaniona mwenyewe, na pale pale akajua anataka kuoa.

Tulilima ngano kidogo, mahindi na maharage. Shamba letu liliishia pale msitu unapoanza, na nyuma ya msitu ni Ngorongoro kwa Wamasai na ng'ombe wao. Tulikuwa na mtoto mmoja, Elizabeti, aliyekuwa anang'oka meno ya utoto. Hatukuwa matajiri wala hatukulala njaa. Nikikumbuka maisha yale, sikumbuki kama niliwahi kuushukuru uso wangu hata siku moja. Nani huushukuru uso?

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho. Asubuhi hiyo nilikuwa napalilia maharage peke yangu. Jua lilishapanda na umande ulishakauka. Niliinua kichwa nikaona fisi ametoka msituni.

Fisi tunawajua. Ni mnyama wa giza, na ukimkuta mchana hujikunja akakimbia. Huyu hakukimbia. Alitembea upande upande kama mlevi, ute unamning'inia mdomoni mpaka chini. Nilimtupia donge la udongo. Lilimpiga begani na hakugeuza hata sikio. Nikamtupia la pili. Ndipo akaniona, na alipoanza kukimbia hakuyumba tena.

Niliinua jembe nikachelewa. Alinishika usoni. Sitawaficha, maana mmekuja kusikia: nilisikia meno yake yakigonga meno yangu. Nilisikia mfupa ukivunjika ndani ya kichwa changu kama mtu anavunja muwa. Pumzi yake ilinuka mzoga. Nilitaka kupiga kelele, na mdomo wa kupigia kelele ulikuwa ndani ya mdomo wake.

Aliyenitoa humo alikuwa kijana wa Kimasai aliyepita msituni akitafuta ndama aliyepotea. Jina lake Saruni. Babu zake na babu zangu walishachinjana kwa ajili ya ng'ombe, lakini siku hiyo hakuuliza mimi ni kabila gani. Alimchoma fisi mkuki wa ubavu. Fisi akaniachia, akageuka, akamdaka mkono. Saruni akammaliza kwa sime. Halafu akanifunga kichwa kwa shuka lake na kunibeba begani mpaka barabarani.

Pale barabarani palikuwa na duka la Mama Ndeshi, Mchaga aliyekuja kufanya biashara huku kwetu. Alipofungua lile shuka hakulia. Alichukua mche wa sabuni kutoka kwenye rafu, ndoo ya maji na jagi, akaanza kuniosha. Aliosha, akamwaga, akaosha tena. Maumivu yale yalizidi ya meno ya fisi. Nilimpiga mateke. Tluway alikuja mbio kutoka kusagisha, akapiga kelele:

"Mama Ndeshi, unamwosha kama sufuria! Mtu anakufa!"

"Shemeji, gari umelileta?"

"Bado."

"Basi niache nioshe. Kaka yangu aling'atwa na mbwa kule kwetu Rombo. Tulimfunga kitambaa safi bila kumwosha, na tukamzika. Wewe kijana," akamgeukia Saruni, "lete na huo mkono."

Saruni aliutazama mkono wake. Ulikuwa na matundu mawili kwenye kidole na damu ilishaganda. Akacheka. "Hiki ni kidole tu, mama. Ng'ombe wangu wako peke yao."

"Kijana, nakuomba."

"Kidole tu," alisema, na akarudi msituni. Shuka lake alituachia sisi.

Kule hospitali ya Karatu, daktari aliyenipokea alikuwa bado kijana. Alimwambia Tluway nikiwa nasikia: "Uso tutaushona. Kinachonitisha si uso." Akaeleza kwamba fisi anayetembea mchana akitoa ute ana kichaa cha mbwa, na kwamba mtu akishaanza kuugua ugonjwa ule hakuna dawa. Dawa ni kabla. Sindano zilifuatwa Arusha zikaletwa kwenye chupa ya barafu, na kila tarehe iliyopangwa nilichomwa. Daktari aliuliza kuhusu yule kijana wa mkuki. Akatuma watu wawili kwenye boma lake. Walirudi wakasema wameambiwa kidole kimepona, kimekauka vizuri, na Saruni ameenda na ng'ombe mbali.

Mimi sikukauka vizuri. Shavu la kushoto lilioza. Waliposhona, nyuzi zilikata nyama. Pakabaki tundu ambalo ningeweza kupitisha vidole, na ncha ya pua ilikuwa imekwenda, pamoja na kipande cha mdomo wa juu. Nikinywa chai inatokea shavuni na kuingia shingoni. Uji nilinyweshwa nimelala ubavu kama ndama mgonjwa. Siku moja nesi alifungua bandeji akasita, akaita mwenzake. Nzi alikuwa ametaga. Walinitoa funza kwa koleo ndogo, mmoja mmoja, na mimi nikiwahesabu kwa macho kwa sababu kusema nilikuwa siwezi.

Elizabeti aliletwa kunisalimia. Alisimama mlangoni akamwambia bibi yake, "Huyu siye." Akakataa kuingia.

Nilikuwa bado wodini walipomleta Saruni. Miezi ilikuwa imepita. Alibebwa na ndugu zake wanne, na alikuwa anawashinda nguvu. Mke wake alikuwa nyuma, mjamzito. Nesi alimpa Saruni kikombe cha maji, na hapo kila mtu aliyekuwepo akajua. Koo lake lilijikaza, macho yakatoka, akakirusha kikombe ukutani. Alikuwa na kiu na hakuweza kunywa. Hata upepo wa mlango ukifunguliwa ulimfanya apige kelele. Walimweka chumba cha peke yake, na ndugu za wagonjwa wakapanga foleni dirishani kumtazama kama sinema.

Nilijikokota nikaenda. Kuna vipindi akili yake ilikuwa inarudi. Alinitazama na bandeji zangu, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Mama, uso unapona?"

Nilitikisa kichwa kukubali. Ulikuwa haujapona. Nilikubali ili afurahi.

Alikufa kesho yake mchana, ute ukimtoka, amefungwa mikono kwa mashuka. Kwa kidole. Niliambiwa nisilie kwa sababu machozi yataingia kwenye kidonda. Nililia, na kweli yaliingia, na yaliwasha.

Watu wa Mbulumbulu waliokuja kuwatazama wagonjwa wao waliona kifo kile. Walipanda gari wakarudi nyumbani na habari, na habari ikafika ikiwa na mkia: wa mkuki amekufa kichaa, sasa anafuata wa jembe. Yeye ameng'atwa zaidi, kwa hiyo ataugua vibaya zaidi. Hakuna aliyesimulia sindano wala ile sabuni.

Nilipelekwa Moshi. Mabingwa wa huko walichukua ngozi pajani na kuipanda shavuni. Siku ya kuniruhusu, yule aliyenipasua alinipa maski za kitambaa zilizoshonwa na fundi wa hospitali, pana, zenye kamba za kufunga kisogoni. Siku hizi mnaita barakoa na kila mtu ameshawahi kuvaa. Enzi zile nilikuwa peke yangu Karatu nzima.

"Hii ngozi ni mgeni," aliniambia. "Bado haijaamua kukaa. Vumbi la kwenu likiingia, itakufa. Nzi akitua, itakufa. Jua likiipiga, itaungua. Usivue njiani wala sokoni mpaka nikuambie. Mtu akikulazimisha, sema daktari amekataza."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo nikidhani yanatosha.

Tluway alikuwa amehamisha kitanda chake. Mama mkwe alinitengea sahani, kikombe, kijiko, na alama ya mkaa chini ya kila kimoja. Elizabeti alikuwa analala kwa bibi yake. Watoto wa jirani walinisindikiza kila nilipotoka, kwa mbali, wakiimba: "Mbwa kafungwa mdomo, asiume, asiume!" Mara ya kwanza sikuelewa. Halafu nikaelewa. Watu walidhani maski ni kizuio. Walidhani hospitali imenifunga mdomo kama wafungwavyo mbwa wakali, nisije nikawang'ata. Kile kitambaa kilichokuwa kinanilinda na wao, wao walikiona kinawalinda na mimi.

Kanisani waliniachia benchi zima. Padri alipotoa komunio alininyooshea mkono kwa mbali. Nilipoinua maski kidogo kupokea, mwanamke wa benchi la mbele alimvuta mtoto wake kwa nguvu mpaka akaanguka.

Jioni moja Tluway alikaa mbele yangu akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeulizia mvua: "Paulina, nikusubiri ufe, au nikusubiri upone? Niambie nijue. Shamba linataka mtu."

Nilimjibu kwamba sindano zilikamilika na sitakufa. Akasema, "Hata Saruni alisema kidole tu." Baada ya mavuno alimleta mwanamke kutoka Rhotia. Sikufukuzwa. Nilipishwa tu, kidogo kidogo, mpaka nikajikuta naishi chumba cha nyuma cha duka la Mama Ndeshi.

Sasa nifike kwenye mnada, maana ndio mliouomba.

Siku ya kliniki yangu ya kubadilisha bandeji iliangukia siku ya mnada wa Karatu. Wakati ule magari ya kutoka kwetu yalikuwa ya kubahatisha, na siku ya mnada ndiyo ya uhakika. Mama Ndeshi alitangulia alfajiri kununua bidhaa. Mimi nilifuata na pikapu iliyofuata. Utingo alininyooshea kidole. "Wewe kaa na mbuzi." Nikakaa na mbuzi. Mbuzi hawakuwa na neno.

Pikapu ilitushushia pale pale mnadani. Huko nyuma majambazi waliofunika nyuso walikuwa wamevamia maduka mjini, na mtendaji wa kata akatoa amri kwamba hakuna mtu kuingia mnadani na uso uliofunikwa. Mgambo alisimama kwenye nguzo za kuingilia na fimbo yake. Nilitaka kupita pembeni niende zangu hospitali. Akaniita.

"Wewe! Toa hicho kitu."

"Siingii mnadani, kaka. Nakwenda hospitali."

"Toa nikuone."

"Daktari amekataza. Nina kidonda."

"Daktari ndiye mwenye mnada?"

Mtendaji alikuwa amekaa chini ya turubai na soda yake. Nilimgeukia nikamwamkia vizuri, shikamoo. Hakuitikia. Nikamwonyesha watu. Vumbi lilikuwa limetanda kama moshi, na wanawake wamejifunga kanga mpaka puani, na vijana wa Kimasai wamezungusha mashuka midomoni. "Mheshimiwa, mbona na hawa wamefunika?"

"Hao tunawajua," alisema.

"Hata mimi mnanijua."

Hapo ndipo sauti ikatoka kwa wauza mitumba, na sijui mpaka leo ilikuwa ya nani. "Tunakujua ndiyo! Huyo ni wa fisi! Amefungwa asiume watu!"

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka, halafu wakasogea nyuma wakafanya duara. Mgambo akaona kwamba watu wote wanamtazama yeye. Nadhani aliogopa. Mtu mwenye fimbo akiogopa mbele za watu ni hatari kuliko mtu mwenye hasira. Aliinyakua maski kwa mbele akaivuta.

Kamba zilikatika. Lakini chini ya maski kulikuwa na bandeji, na bandeji ilikuwa imegandamana na ngozi mpya. Vilitoka pamoja. Nilisikia sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, na upepo wa baridi ukaingia mdomoni kwangu kupitia shavuni.

Hata dalali wa ng'ombe aliacha kunadi. Halafu mwanamke mmoja akapiga kelele, "Mungu wangu! Mfunikeni! Mfunikeni!" Mtu alitapika. Na mtendaji, yule yule, alisimama na kumwaga soda yake, akasema: "Funika uso, wewe! Unatisha watu!"

"Nifunike na nini?" Nilisema hivyo, ila bila shavu maneno yanatoka kama mapovu. Hakuna aliyeelewa.

Niliinama kuokota maski kwenye mavi ya ng'ombe. Damu ilidondoka, na kila ilipodondoka watu waliruka wakidhani damu yangu ina kichaa. Jiwe la kwanza lilinipata mgongoni. La pili sikumbuki. Kofi sikupigwa, kwa sababu hakuna aliyetaka kunigusa. Walinisukuma kwa miti ya kuswagia ng'ombe mpaka ofisi ya kata, wakanifungia stoo, kwenye magunia ya chumvi ya mifugo. Wakasema ni kwa usalama wangu. Kila nilipogusa kitu, mkono ulichukua chumvi, na kila mkono ulipogusa uso, mnajua wenyewe.

Mama Ndeshi alinikuta humo. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Mmemfungia nani? Kafanya nini?"

"Amekaidi amri halali."

"Amri halali! Wewe umeinywa hiyo sheria pamoja na soda?"

Alinitoa kwa dhamana jioni. Hospitali yule daktari kijana alifungua, akatazama, akakaa chini kwenye kiti cha mgonjwa. "Imekufa," alisema. "Ngozi yote. Tutaanza upya." Mimi nilidhani nimeshaona mwisho wa maumivu, kumbe nilikuwa katikati.

Mahakama ya mwanzo ilinipa tarehe. Mshtakiwa nilikuwa mimi. Nilikwenda na maski mpya, chini yake kidonda kinanuka mpaka mimi mwenyewe nilikuwa nageuza kichwa. Karani aliniambia nikae nje kwenye jiwe, nisikilize kupitia dirishani.

Hakimu alikuwa mtu mfupi mwenye miwani. Aliuliza, "Mshtakiwa yuko wapi?"

"Yuko nje, mheshimiwa. Kwa usalama."

"Usalama wa nani?"

Hakimu alitazama mlangoni. "Aingie," alisema. Nilipoingia na harufu yangu, naye akabadilika uso kidogo. "Akae pale mlangoni." Namshukuru mtu yule, lakini ushuhuda ni ushuhuda. Hata yeye aliniweka mlangoni.

Mtendaji alieleza habari za majambazi, na usalama wa raia na mali zao. Mzee mmoja wa baraza aliyekaa kando ya hakimu akasema, "Basi avue hapa tumwone, tujue kama kweli ni mgonjwa." Niliona watu wakinyoosha shingo. Walitaka. Mkono wangu ulikwenda kisogoni kwenye kamba, kwa sababu nilishachoka kukataa.

"Acha," hakimu aliniambia. Kisha akamuuliza daktari, ambaye alikuwa amefunga kliniki yake na kuja mwenyewe, "Nani alimwamuru mwanamke huyu kuvaa kitu hiki?"

"Sisi madaktari, mheshimiwa. Akivua kwenye vumbi, ngozi inakufa. Mwezi huu imeshakufa moja."

"Anaweza kumwambukiza mtu kichaa cha mbwa?"

"Hana kichaa. Alichanjwa sindano zote. Angekuwa nacho, leo mngekuwa mnahukumu kaburi."

Hakimu akamgeukia mtendaji. "Sheria ndogo inayokataza kufunika uso mnadani, ilipitishwa lini?"

"Ni amri ya kata, mheshimiwa."

"Sikuuliza amri. Nimeuliza sheria."

Mtendaji alitazama viatu vyake. Hakimu alisubiri. Nje punda alilia mpaka akamaliza, na bado mtendaji alikuwa anatazama viatu.

Maneno ya hukumu nimeyashika moyoni, maana niliyasikiliza kama mtu anayesikiliza jina lake likisomwa. Alisema hakuna kosa pasipo sheria. Alisema jambazi hufunika uso ili asijulikane, bali mwenye jeraha hufunika jeraha ili lipone, na mtu mzima anapaswa kutofautisha hayo mawili bila kusaidiwa na mahakama. Alisema mgonjwa aliyeagizwa na tabibu kuvaa kinga anayo haki ya kuivaa sokoni, barabarani, garini, kanisani na humu mahakamani, na anayemvua ndiye mwenye kosa. Mshtakiwa yuko huru.

Mama Ndeshi alipiga kigelegele akakaripiwa. Mimi sikuweza hata kutabasamu. Kwa mtu wa kucheka kama mimi, kushinda kesi bila mdomo wa kuchekea ni adhabu nyingine.

Nilifungua shauri dhidi ya mgambo. Niliambiwa nilete mashahidi. Mnada mzima ulikuwepo, na hakuna aliyeona. Dalali alikuwa anatazama ng'ombe. Wauza mitumba walikuwa wanahesabu nguo. Mwanamke aliyepiga kelele alisema alipigia kelele nyoka. Shauri likafa. Mgambo tuliendelea kupishana njiani miaka mingi, na aliendelea kutazama pembeni.

Lakini siku ya mnada uliofuata nilipita kwenye zile nguzo na maski yangu, na fimbo haikuinuka. Hawakunipenda. Waliniacha tu nipite. Wenzangu, msidharau kuachwa upite. Utingo alipojaribu kunipeleka tena kwa mbuzi, nilimwambia taratibu, "Mahakama imesema garini." Akanuna, akanipa kiti. Abiria mwenzangu alihama. Nikakaa kwa nafasi.

Moshi walichukua ngozi kwenye paja la pili. Safari hii maski sikuivua kwa mtu, mvua wala jua, mpaka mwaka ukapita. Ngozi ikaamua kukaa. Chai ikaacha kutoka shavuni. Nikajifunza upya kusema "b" na "p" na "m", herufi zinazotaka midomo miwili, na ndiyo maana hata leo jina langu mwenyewe linanisumbua kidogo. Siku daktari aliponiambia sasa naweza kuvua, nilitembea soko zima uso wazi. Muuza nyanya mmoja akaniambia kwa upole, "Mama, si ungejifunika tu?" Nikamwambia haki niliyopewa ni ya kuvaa, na kuvua ni yangu pia.

Elizabeti alirudi kwangu alipofika darasa la nne. Alikuja na godoro lake.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama Ndeshi na mche wake wa sabuni, daktari aliyefunga kliniki, na hakimu aliyeuliza swali moja na kusubiri jibu. Saruni simshukuru kwa mdomo. Kila nikivuna kishamba changu cha kukodi napeleka gunia la mahindi kwa mjane wake kule Ngorongoro, maana huko hifadhini hawaruhusiwi kulima. Mtoto aliyekuwa tumboni ni msichana mkubwa sasa. Ana vidole vya baba yake, virefu.

Nanyi nawaambia hivi. Mnyama akikung'ata, hata kama ni mkwaruzo, hata kama ni mbwa wako uliyemlea, usifunge kitambaa kwanza. Osha kwa sabuni na maji mengi, osha mpaka aliye karibu aseme inatosha, halafu osha tena. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Choma sindano zote, usiache ya mwisho kwa sababu kidonda kimekauka. Kidonda kukauka si kupona. Na ukipewa kinga na daktari, ivae mbele ya mtu yeyote, na akikuambia uvue, muulize sheria. Usiulize amri. Uliza sheria.

Juzi kati mwanamke nisiyemjua alikuja mlangoni kwangu na mtoto wa kike amembeba. Mbwa alikuwa amemng'ata mtoto mguuni. Watu walimwambia nenda kwa yule mama wa fisi, yeye anajua. Alikuja kuniomba msaada, na kwa kiganja chake alikuwa amemfunika mtoto macho asinione.

Nilileta ndoo na sabuni, nikaanza kuosha. Mtoto alipiga mateke. Nikamwambia mama yake, "Mfunue macho."

"Ataogopa, dada."

"Aogope. Mfunue."

Alitoa kiganja. Mtoto alinitazama muda mrefu, machozi yamesimama kwenye kope. Akanyoosha kidole kwenye shavu langu, bila kugusa.

"Na wewe uling'atwa?"

"Niling'atwa."

"Iliuma?"

"Sana."

Akafikiri. "Ukafa?"

"Hapana," nilimwambia. "Lete na huo mguu mwingine, tuoshe yote."